Safari ya Kombi Hata Lisbon

Katika mwezi wa Septemba 2018 bwana mmoja wa Mombasa, aliyekuwa karani wa forodha hata alipostaafu, aliingia mji wa Lisbon, ulio mji mkuu wa Ureno, ameketi mbele katika kombi kuukuu pamoja na mkewe, na mwana wao akiendesha. Kijana huyo alikuwa na kazi yake Rotterdam, katika nchi ya Uholanzi, na mwaka ule aliwaalika wazazi wake wamtembelee. Alipopata likizo ya majuma mawili aliwaambia wachague mji mmoja wa Ulaya ambao wangependa kuuona kuliko mingine yote. Mama alisema popote penye jua. Baba alisema Lisbon, wala hakusita.

Sababu yake ilikuwa ya siku nyingi. Alizaliwa karibu na Ngomeni, na alipokuwa mtoto ngome ile ya Wareno ilikuwa ingali jela. Wafungwa waliondolewa mwaka 1958, na mwaka 1960 ngome ikafunguliwa kuwa makumbusho. Fedha za kazi hiyo zilitolewa na wakfu wa Calouste Gulbenkian, ambao makao yake ni Lisbon. Jambo hilo lilimkaa kichwani. Wareno walianza kuijenga ngome mwaka 1593 ili waitawale pwani kwa mizinga. Na baada ya miaka zaidi ya mia tatu na hamsini fedha za kuihifadhi zikatoka katika mji ule ule wa Wareno. Baadaye, katika kitabu cha historia ya pwani, alisoma kwamba dhahabu ya kwanza waliyotozwa watu wa Kilwa haikupotea. Ilifanywa chombo cha ibada, na chombo hicho kingaliko. Karani wa forodha hujua kwamba mali ikipita mpakani mara nyingi haijulikani tena iliko. Hii ilijulikana iliko, naye alitaka kuiona kwa macho yake.

Kombi yenyewe ilikuwa imetumiwa na mafundi wa mabomba ya maji kabla kijana hajainunua. Aliitia kitanda cha mbao, jiko la gesi lenye mafiga mawili, na tangi la maji. Na mama akatundika leso mbili madirishani ziwe pazia. Wazee walilala ndani na kijana akalala nje katika hema. Kutoka Rotterdam hata Lisbon ni mwendo wa zaidi ya kilomita 2,000, kupita Ubelgiji, Ufaransa na Hispania. Habari za njiani zilikuwa nyingi, lakini kwa sehemu kubwa ni habari za bei ya petroli na za kutafuta mahali pa kulala, ambazo kila mwenye gari anazijua.

Lililowasimamisha lilikuwa miti ya Alentejo, jimbo la Ureno lililo upande wa mpaka wa Hispania. Huko kuna mialoni ambayo gome lake ndilo hufanya vizibo vya chupa, na Ureno huongoza ulimwenguni kwa mazao hayo. Mti haukatwi. Watu huubandua gome kwa shoka, kwa mikono, na chini ya gome shina huonekana jekundu kama nyama. Kisha huandika kwa rangi nyeupe tarakimu ya mwisho ya mwaka ule, ili mtu asije akaugusa tena kabla ya miaka tisa kupita, maana ndiyo sheria. Mkulima apandaye mwaloni hungoja miaka kama ishirini na mitano hata avune mara ya kwanza, na gome la mavuno hayo ya kwanza halifai kwa vizibo. Mama, ambaye ana shamba la minazi na mikorosho huko nyumbani, alishuka akaupapasa mti mmoja ulioandikwa 7, akasema kwamba mtu apandaye mti kama huu lazima awe anawapenda wajukuu.

Wakaingia Lisbon jioni ya Jumamosi. Mji huo umekaa juu ya vilima, kando ya mto Tejo pale unapopanuka kabla ya kumwaga maji yake baharini. Wenyeji husema vilima ni saba, lakini apandaye kwa miguu huhesabu zaidi. Njia zake za zamani hazikukatwa kwa ajili ya magari, na kombi ya mafundi wa mabomba si gari jembamba. Kijana alifuata ramani ya simu yake, nayo ikamwongoza katika njia yenye reli katikati, nyumba mkono wa kuume na nyumba mkono wa kushoto, hata vioo vya pembeni ikabidi vikunjwe. Nyuma yao ikaja tramu ya manjano ikipiga kengele. Mbele palikuwa na kona. Bibi wawili wazee waliokuwa madirishani waliacha mazungumzo yao wakaanza kumwelekeza kijana kwa mikono, mmoja akimwambia aende na mwingine akimwambia arudi. Abiria wa tramu walitoa vichwa nje. Mwisho dereva wa tramu mwenyewe alishuka, akaitazama nafasi, akamwita kijana kwa kidole hatua kwa hatua hata kona ikapitwa, kisha akarudi kazini mwake bila kusema neno.

Tangu hapo kombi haikuingia mjini tena. Ilikaa katika kiwanja cha wenye mahema kule Monsanto, ambako kuna msitu wa karibu hekta elfu moja uliopandwa na watu tangu miaka ya 1930 juu ya vilima vilivyokuwa vitupu. Nao walikwenda mjini kwa basi.

Jumapili waliitumia katika mtaa wa chini uitwao Baixa, na hapo mzee alishangaa. Alitazamia mji wa kale wenye vichochoro, akakuta barabara zilizonyoka kama mistari ya daftari la hesabu, na nyumba zenye kimo kimoja na madirisha ya kipimo kimoja. Sababu yake ni msiba wa tarehe 1 Novemba 1755.

Siku hiyo ilikuwa sikukuu ya Watakatifu Wote. Yapata saa tatu na dakika arobaini asubuhi, watu wakiwa makanisani na mishumaa imewashwa katika kila madhabahu, nchi ilitetemeka kwa dakika kadhaa. Makanisa yakawaangukia waliokuwamo. Waliosalimika walikimbilia uwanja wa mtoni, mahali pa wazi pasipo na ukuta wa kuanguka; ndipo maji yakarudi nyuma, kisha yakaja kwa mawimbi makubwa yakawachukua. Mishumaa na majiko ya nyumbani yakawasha moto, na moto ukateketeza mji kwa siku tano. Jumba la mfalme lililokuwa kando ya mto liliangamia pamoja na maktaba yake ya vitabu 70,000, na jumba jipya la michezo ya kuimba, ambalo lilikuwa limefunguliwa mwaka ule ule, likawa kifusi. Waliokufa walikuwa makumi ya maelfu. Mfalme José alikuwa upande wa Belém pamoja na jamaa zake, akapona. Lakini baada ya hapo alichukia kulala chini ya dari la mawe, akakaa miaka yake yote iliyobaki katika makazi ya mbao na mahema kule Ajuda.

Kazi ya kuurudisha mji iliangukia mikononi mwa waziri wake, Sebastião José de Carvalho e Melo, ambaye baadaye alipewa cheo cha Marquês de Pombal. Huyu alikuwa mtu mkali, na habari zake nyingine ni za damu, lakini katika jambo hili alifanya kazi ambayo serikali nyingi zingeshindwa. Maiti walipakiwa katika mashua wakazamishwa baharini ili tauni isizuke. Bei ya chakula ilizuiwa isipande. Miti ya kunyongea ilisimamishwa mahali pa wazi ili wezi waione. Kisha alipeleka maswali kwa mapadri wa kila parokia: nchi ilitetemeka kwa muda gani? Mara ngapi? Maji yalirudi kabla ya kuja? Visima vilibadilika? Watu wangapi walikufa? Majibu yamehifadhiwa hata leo, na wataalamu wa matetemeko huyahesabu kuwa miongoni mwa mianzo ya elimu yao. Makarani watapendezwa kujua kwamba elimu hiyo ilianza kwa fomu ya kujazwa.

Mhandisi mkuu Manuel da Maia, ambaye alikuwa mzee wa miaka karibu themanini, alimwekea serikali mashauri kadhaa, toka kuujenga mji kama ulivyokuwa hata kuuhamisha kabisa. Likachaguliwa shauri la kusawazisha mtaa wote wa chini na kuupima upya. Kila nyumba ilitiwa ndani ya kuta zake kizimba cha mbao, boriti za kusimama, za kulala na za mshazari, ili nchi ikitetemeka mawe yaanguke lakini kizimba kibaki. Husemwa kwamba walikijaribu kwa kuwapitisha askari wakikanyaga kwa nguvu kando yake. Na kwa kuwa ardhi pale ni tope la mto, misingi iliwekwa juu ya magogo ya misunobari yaliyopigwa chini. Magogo hayo yangaliko na ni mazima, mradi yakae majini. Maji yakipungua yataoza. Barabara ziligawiwa kwa ufundi: hii ya masonara wa dhahabu, hii ya fedha, hii ya washona viatu, hii ya watengeneza hatamu, na majina yangali yameandikwa pembeni hata leo.

Juu ya kilima kilicho karibu, kanisa la Carmo liliachwa bila paa, matao yake yamesimama na mbingu zaonekana kati yake. Mama alikaa nje yake muda mrefu kuliko mahali pengine popote. Mzee naye alitaka kuuona uwanja ulio mbele ya kanisa, kwa sababu nyingine. Hapo, katika kambi ya askari, ndipo waziri mkuu Marcelo Caetano alipojisalimisha tarehe 25 Aprili 1974, jeshi lilipoiangusha serikali ya kidikteta iliyokuwa imetawala Ureno kwa zaidi ya miaka arobaini, na watu wakatia maua mekundu katika midomo ya bunduki. Maofisa waliofanya hivyo walikuwa wamechoka na vita vya Angola, Guinea-Bissau na Msumbiji. Chama cha FRELIMO kiliundwa Dar es Salaam mwaka 1962, na tarehe 25 Juni 1975 Msumbiji ikawa huru. Mzee alikuwa kijana ofisini habari zilipotangazwa kwa redio. Alimwonyesha mwanawe ukuta wa kambi, naye kijana akasema hakudhani mambo makubwa namna ile yalitendeka katika uwanja mdogo namna hii.

Walikula chakula cha mchana upande wa Alfama, mtaa uliosalimika kwa sehemu kubwa siku ya tetemeko. Jina lake ni la Kiarabu, na maana yake ni chemchemi za maji ya moto. Hamamu ya kwetu pwani ni ndugu yake. Waarabu na Waberberi waliutawala mji kwa zaidi ya miaka mia nne, hata mfalme Afonso Henriques alipouteka mwaka 1147. Mtumishi wa hoteli aliwauliza jambo kwa Kireno, na katika maneno yake yote mama alilishika moja. Akasema, "Huyu ataka kutupa meza." Ndivyo ilivyokuwa. Tangu hapo wakawa wanawinda maneno kama watoto wawindao panzi. Leso yao ni lenço, bendera ni bandeira, kasha ni caixa, mvinyo ni vinho. Gereza, wasema wataalamu, ni igreja, yaani kanisa. Mzee alisema hakuna haja ya kumweleza mtu wa Ngomeni jinsi kanisa na gereza yalivyoweza kuwa jengo moja. Samaki aliyeletwa mezani alikuwa chewa wa bahari za baridi, aliyekaushwa kwa chumvi na kurowekwa, nao wakamla kwa furaha ya watu waliokulia kwenye ng'onda.

Jumatatu ndiyo iliyokuwa siku ya shauri lenyewe. Mzee alikuwa amesoma kwamba chombo cha dhahabu kilitengenezwa kwa ajili ya nyumba ya watawa ya Jerónimos, kule Belém, mahali ambapo Vasco da Gama aling'oa nanga tarehe 8 Julai 1497. Wakapanda tramu asubuhi. Nyumba hiyo ni kazi ya ajabu. Mawe yake yamechongwa kamba za marikebu, matumbawe na mafundo, kana kwamba fundi alikuwa baharia. Ilianza kujengwa mwaka 1501, na gharama zake zilitoka kwa sehemu kubwa katika kodi ya sehemu moja kwa ishirini iliyotozwa juu ya biashara ya Afrika na Bara Hindi. Ndani yake mna kaburi la Vasco da Gama. Lakini siku ya Jumatatu imefungwa, na mlango ulikuwa na komeo.

Walitembea hata kwenye mnara wa Belém ulio ukingoni mwa mto, uliojengwa kati ya miaka ya 1514 na 1520. Chini ya dungu moja la mnara huo kuna kichwa cha kifaru kilichochongwa, nacho kimeliwa na chumvi hata kinatambulikana kwa shida. Kifaru huyo alikuwako kweli. Aliletwa hai kutoka Bara Hindi, zawadi ya sultani wa Gujarat, akafika Lisbon mwezi wa Mei 1515. Mfalme Manuel alitaka kuona kama ni kweli kwamba kifaru na ndovu ni maadui, akawakutanisha uwanjani, ndovu alikimbia. Kisha akamtuma yule kifaru kwa Papa wa Rumi, na marikebu ikazama njiani karibu na pwani ya Italia, mnyama amefungwa minyororo. Albrecht Dürer, mchoraji wa Ujerumani, alichora picha yake bila kumwona, kwa barua na mchoro tu, na kwa muda wa miaka mingi watu wa Ulaya walidhani kifaru ana ngozi ya bamba za chuma.

Waliporudi mbele ya Jerónimos, mlinzi mmoja aliyejua Kiingereza aliwaambia jambo ambalo hawakulijua. Hata mlango ungalikuwa wazi, dhahabu ya Kilwa haimo. Imo katika jumba la makumbusho la sanaa za kale, katika barabara ya Janelas Verdes, yaani Madirisha ya Kijani. Nalo pia hufungwa siku ya Jumatatu.

Ndipo neno likazuka kati ya baba na mwana. Kijana alikuwa amepanga kuondoka jioni ile ile.

"Baba," alisema, "likizo yangu yaisha Alhamisi. Ijumaa saa mbili asubuhi sharti niwe kazini, na mwendo ni wa siku tatu. Tukingoja kesho hatufiki."

"Mwanangu, mimi nimengoja tangu kabla hujazaliwa. Nendeni. Mimi nitabaki, nitakuja kwa basi."

"Utabakije peke yako, Baba, na lugha yao huijui?"

"Najua meza," alijibu mzee.

Kijana hakucheka. Alisema kwamba kazi yake ndiyo iliyolipa safari hii, na kwamba msimamizi wake si mtu wa kuelezwa habari za Kilwa. Mzee alinyamaza, na kunyamaza kwake kulikuwa kuzito kuliko maneno. Ni mama aliyeingia kati. Alimwomba mumewe kalamu na karatasi, akasema, "Wewe ulihesabu mizigo ya watu miaka thelathini. Hesabu na huu." Wakaketi juu ya ukuta wa mto. Mzee akaandika kilomita, akagawa kwa saa, akatoa saa za kulala na za petroli. Hesabu ilionyesha kwamba wakiondoka Jumanne saa sita mchana, na kijana akiendesha hata saa nne usiku kila siku na kulala usiku kucha, wangefika Alhamisi usiku sana, ila wasisimame mahali pengine popote. Kijana aliipitia mara mbili. Mwisho akasema, "Haya, Baba. Saa sita, wala si saa sita na robo."

Mchana wa siku ile walikuwa na saa za kupoteza, wakatembea kwa miguu toka mjini kuelekea jumba hilo wapate kuijua njia. Hivyo wakapita katika barabara iitwayo Poço dos Negros, Shimo la Weusi. Mwaka 1515 mfalme Manuel, yule yule wa kifaru, aliagiza shimo lichimbwe nje ya mji wa wakati ule na litiwe chokaa, ili maiti za watumwa zitupwe humo, maana walikuwa wakiachwa bila kuzikwa na mbwa wakiwala. Mwaka 1551 hesabu ya watu wa Lisbon iliwataja watumwa 9,950 katika watu kama 100,000, yaani karibu mtu mmoja katika kila kumi. Mbele kidogo ni mtaa ambao leo huitwa Madragoa. Mwaka 1593, mwaka ule ule Ngome ya Mombasa ilipoanzwa, sehemu hiyo ilitengwa kwa amri kuwa mtaa wa Waafrika, ikaitwa Mocambo, jina lililotoka katika lugha za Kibantu za Angola. Sasa ni vichochoro vya nguo zilizoanikwa na maua katika makopo. Mtu asiyejua habari hizi angeweza kupita humo kila siku ya maisha yake asione lolote. Mama aliuliza kama shimo lilikuwa wapi hasa. Kijana akatafuta katika simu yake, akasema hapaonekani tena, pamejengwa.

Jumanne mlango wa makumbusho ulipofunguliwa walikuwa wa kwanza kuingia. Walipita picha nyingi bila kusimama. Chombo kimewekwa peke yake nyuma ya kioo, nacho hakifikii mita moja kwa urefu. Wakatoliki hutumia vyombo vya namna hiyo kuwaonyesha waumini mkate wa misa. Katikati mitume kumi na wawili wamepiga magoti, wadogo kama vidole, na mavazi yao yametiwa rangi; juu yao ni nguzo na vilele vyembamba kama vya kanisa la mawe, lakini vyote ni dhahabu. Hutajwa kuwa kazi ya Gil Vicente. Pembeni mwa tako lake yamechorwa maneno ya Kireno cha zamani, yasemayo kwamba mfalme Manuel aliamuru kifanywe kwa dhahabu ya kodi ya Kilwa, nacho kilimalizika mwaka 1506.

Mzee aliinama, akazunguka kioo polepole akilitafuta neno moja. Halikuandikwa kama tuandikavyo sisi, na herufi zake ni za namna nyingine: QVILVA. Alipolipata aliweka kidole juu ya kioo, mlinzi akamwashiria akiondoe.

Habari ya dhahabu hiyo yajulikana. Mwaka 1502 Vasco da Gama alifika Kilwa kwa safari yake ya pili, safari hii na kundi la marikebu za vita. Alimtisha mtawala wake, Amir Ibrahim, kwamba mji utapigwa kwa mizinga usipotoa kodi ya dhahabu kila mwaka kwa mfalme wa Ureno. Kodi ikatolewa. Haikuwasaidia: mwezi wa Julai 1505 Francisco de Almeida aliuteka mji, na mwezi uliofuata akaiteka Mombasa na kuichoma moto. Chombo kilipokuwa kikifuliwa Lisbon, Kilwa ilikuwa imekwisha kutiwa boma la kigeni. Wala dhahabu haikuchimbwa Kilwa. Ilitoka bara, katika nchi ya juu ya Zimbabwe, ikashuka Sofala, na masultani wa Kilwa walijenga majumba yao kwa faida ya kuipitisha. Mzee alimwambia mwanawe jambo hilo mwenyewe, maana hakutaka adhani kwamba upande mmoja tu ndio uliokuwa na forodha. Waliochimba hawakuandikwa popote, wala juu ya chombo wala katika hadithi za Kilwa.

Chombo chenyewe kilikaribia kupotea. Nyumba za watawa zilipofungwa Ureno mwaka 1834, vyombo vingi vya thamani vilipelekwa mahali pa kupigia sarafu vikayeyushwe, na hiki kilikuwa kati yao. Kiliokolewa na Fernando, mume wa malkia Maria wa Pili, aliyetambua kazi ya fundi. Bila yeye kingekuwa sarafu, na sarafu zingekuwa zimetumiwa.

Mama alisimama mbele ya kioo muda mrefu. "Ni kizuri," alisema. "Kizuri sana, na hilo ndilo linaloniudhi."

Mzee alimwomba kijana amwulize mlinzi kama watu wa Kilwa wamepata kuja kukiona. Mlinzi alikuwa mwanamke wa makamo, mpole. Alisema kwamba watu huja kutoka nchi zote, lakini hawaulizwi watokako. Kisha akauliza Kilwa iko wapi. Mzee alimchorea nyuma ya karatasi ile ile ya hesabu za kilomita: pwani, Mombasa juu, Zanzibar katikati, Kilwa chini. Yule mama aliitazama sana, akauliza kama anaweza kuichukua. Mzee alifikiri kidogo, kwa kuwa hesabu ya safari ilikuwa upande wa pili, halafu akampa.

Saa sita kasoro dakika kumi walikuwa ndani ya kombi. Njia ya kurudi Hispania ilipita juu ya daraja la Vasco da Gama, lililofunguliwa mwaka 1998, ambalo pamoja na njia zake za kuingilia lina urefu wa zaidi ya kilomita 17. Maji ya Tejo yalikuwa yametulia pande zote mbili, na ndege wa miguu mirefu walikuwa wakila katika tope. Mama alipika chai Badajoz, ng'ambo ya mpaka, wakanywa wamesimama. Karatasi ya hesabu ilikuwa imebaki Lisbon, lakini mzee alikuwa ameishika yote moyoni, na kila walipopita mji alitaja kama wako mbele ya saa au nyuma. Walifika Rotterdam Alhamisi saa saba na nusu za usiku, na asubuhi yake kijana akaingia kazini.